Shati Zima

Shangazi Mwanakheri hunipigia simu kutoka Tanga
kila Jumapili, usingizi wa zamu ukiwa bado kopeni:
"Baba yako alikuwa fundi cherehani.
Kafa, kanzu zake zatembea.
Wewe huko Glasgow, ukifa, nini kitatembea?"

Nimejaribu kumweleza.
Si daktari, ingawa nakesha hospitali.
Si polisi, ingawa huulizwa, "Wewe polisi?"
kabla hata sijavuta kiti.
Si shehe, si mwalimu, si mlinzi wa mlango.
Kwenye mkataba, cheo changu kina maneno manane
na hakuna hata moja la kumfikia Shangazi.

Basi nikamsimulia Ijumaa.

Saa tisa kasoro za usiku, mvua ile ya huku
isiyonyesha wala isiyoacha,
wamemleta Declan, miaka kumi na saba.
Kisu kimepita chini ya mbavu,
kimelikosa ini kwa upana wa ukucha.
Nesi amelichana shati kwa mkasi, toka pindo hadi kola;
liko sakafuni, lilikuwa jeupe, la harusi ya dada yake.
Tukafika mimi na Shug.

Shug ana kovu toka sikio hadi mdomo
na miaka tisa ya gereza asiyoificha.
Siku ya usaili walimuuliza ana uzoefu gani.
Akageuza shavu.
Yeye ndiye aliyenifundisha kazi:
usikae upande wa mlango, mgonjwa asijione amefungiwa;
usiulize nani, uliza kiu;
simu yake ikilia usiiguse, hesabu tu.

Ililia mara kumi na nne.
Nje ya geti, ndani ya gari lililozima taa,
binamu zake watatu walingoja jina moja.
Declan alikuwa nalo. Alilizungusha mdomoni
kama peremende asiyotaka iishe.

Wahenga walisema juu ya ufa na ukuta;
hawakutaja mziba ufa yuko ngazi gani ya mshahara,
wala kwamba mkataba wake huisha Machi,
na bajeti ikisomwa, macho humgeukia yeye kwanza.
Maana ataonyesha nini?
Jedwali lina safu ya waliochomwa.
Halina safu ya ambao hawakuchomwa.

Sikumhubiria. Nilimpa maji kwa mrija.
Nikamuuliza, harusini, bibi yake alicheza?
Akacheka, mshono ukamuuma, akatukana,
kisha akaugeukia ukuta akalia kidogo.
Shug alinyamaza kile kimya chake anacholipwa.

Kumi na moja alfajiri Declan aliichukua simu,
akaandika kitu kifupi. Sikukisoma.
Shug akaenda dirishani.
Gari likawasha taa, likageuza, likashuka mlima,
likasimama kwenye taa nyekundu
ingawa barabara ilikuwa tupu.

"Ikawaje?" akauliza Shangazi.
Haikuwa.
"Yaani?"
Hakuna kilichotokea, Shangazi. Ndiyo kazi yenyewe.

Nilisikia cherehani ya baba, anayoitumia yeye sasa,
ikikata mbio.
Nikamwambia: humu mjini kuna kijana
nisiyemjua sura, mwenye jina lile.
Leo ameamka, amevaa shati, amefunga vifungo,
ametoka kununua maziwa na kulalamika bei.
Shati zima. Wala hajui
kwamba usiku wa Ijumaa lilikuwa mikononi mwa watu.

Shangazi hakusema kitu.
Muda ukapita, salio likiliwa.
Nikadhani laini imekatika.
"Huyo mwingine," akasema, "wa hospitali.
Wamemchania shati la harusi.
Niletee kipimo cha kifua chake.
Na cha mkono."