Kunyamaza kwa Pampu

Luhende, usinihimize.
Najua mbio ni kesho saa moja,
najua magari ya Mwanza yameshafika, yamelala uwanjani
yamefunikwa maturubai kama bwana harusi anayeogopa vumbi.
Lete taa. Sogea.

Unasema: waya mmoja toka kwenye funguo,
mwingine kwenye bodi, basi, pampu imelia.
Italia, ndiyo.
Mimi sina shaka na kuwaka kwake.
Nauliza nani ataizima
ukiwa unaning'inia kwenye mkanda, kichwa chini,
funguo huioni,
mkono wa kushoto huujui ni upi.

Muulize Maganga, yule pale mlangoni
anayepanga fyuzi kwa rangi ndani ya kopo la maziwa.
Mwaka ule wa tumbaku nyingi, barabara ya Urambo,
gari lake lililala chali shambani kwa watu.
Injini ilikufa papo hapo.
Pampu haikupata habari.
Iliendelea kuvuma, mtiifu asiye na akili,
ikisukuma petroli kwenye mpira uliokatika,
na petroli ikajitafutia njia hadi kwenye ekzosi.

Waya ule niliufunga mimi.
Vidole vyake vitatu havikunjiki tena.
Hajawahi kunilaumu. Ndiyo maana nimekuwa mkaidi hivi.

Basi tazama.
Fyuzi inakaa hapa, shubiri moja kutoka kwenye betri,
si kule mbele chini ya dashibodi.
Ampea kumi na tano. Ikiungua, tafuta kilichoiunguza;
usiniwekee msumari, wala karatasi ya sigara.
Waya mnene unaingia thelathini ya rilei,
unatokea themanini na saba, unakwenda nyuma kwa pampu.
Unapopenya kwenye bati nimeuvika mpira,
bati lina meno, nalo halina haraka.
Ethi nimekwangua rangi mpaka chuma kikacheka.

Themanini na sita hailishwi bure.
Umeme wake unapiga hodi kwanza kwa presha ya oili:
injini ikizima, presha inashuka, rilei inaachia.
(Asubuhi, kabla presha haijapanda, stata ndiyo inayoikopesha.)
Halafu unapita kwenye swichi hii ya kishindo.
Ndani mna gololi imekaa kikombeni;
gonga gogo, gololi itaruka, mlango umefungwa.
Na ile nyekundu, nje, karibu na kioo,
inakata kila kitu.
Hiyo si yako. Ni ya mchunga ng'ombe,
ya mwanafunzi mwenye dumu la maji,
ya yeyote atakayefika kabla yangu.

Washa. Iache ivume.

Nikaipiga swichi kwa kisigino cha kiganja.
Pampu ikakatika.
Injini ikalamba matone yaliyobaki, ikakohoa, ikalala.
Maganga akaacha kupanga fyuzi.
Isevya nzima ikatuingilia: redio ya jirani,
mtu anaosha sufuria,
treni inapiga honi kule stesheni.

"Tena," akasema Maganga.
Tukarudia mara tisa.
Luhende akasinzia kwenye tairi.

Kesho yake, saa nne kasoro, simu.
Amepinduka mbele ya Sikonge, kwenye kona ya mchanga
ambayo kila mtu anaijua, naye anaijua.
Yuko nje ya gari? Bado. Kaumia? Bega.
Nikamwuliza moja tu: unasikia nini?

Akakaa kimya kidogo.
"Kuna kitu kinavuma."

Kopo likamponyoka Maganga,
fyuzi nyekundu, za buluu, za njano, sakafu nzima.

"Juu," akasema Luhende. "Mtini.
Nimegonga mti wa mtu, una mzinga.
Ni nyuki, fundi. Nyuki tu.
Njooni mnitoe.
Ila mwambieni mwenye mzinga asije na moshi,
harufu ya petroli bado ipo."