Mizunguko Mitatu

Daktari aliandika kwa kalamu, si kwa mashine:
"Tembea kila Jumamosi. Goti halitakuua. Sukari itakuua."
Basi nikalipa langoni kwa simu, nikaingia Karura
na chupa ya maji, na viatu vya mwanangu
vinavyonipwaya visiginoni.

Ziwa lenyewe dogo.
Mtu wa Kisumu angeliita dimbwi, akacheka.
Palikuwa machimbo: watu walikata mawe hapa
wakayapeleka mjini yakawe kuta,
na shimo walipolitupa
likajaza maji lenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.
Sasa mayungiyungi yametandazwa juu yake
kama sahani zisizooshwa baada ya harusi,
na vyura wanakanyaga meza.

Nilianzia mkono wa kulia,
pale mizizi ya mkuyu inapovuka njia bila adabu.
Kwarara akapita juu akilalama
kama mlango wa bati uliokosa mafuta.
Nikanusa tope, majani mabichi, moshi wa mbali.
Nilikuwa karibu kabisa na amani
nilipomwona Nyaboke.

Anatoka upande wa kushoto, kofia ya manjano,
anarusha mikono kama yuko kwenye gwaride.
Nyaboke wa dirisha namba tatu.
Nyaboke niliyemdhamini mkopo wa saluni,
nikatia sahihi huku nakunywa chai,
na kwa miezi kumi na minane mshahara wangu
ukaja umeng'atwang'atwa
kama mkate uliolala na panya.
Miaka sita sijamtamkia hata "habari."

Njia ya ziwa ni ya watu wawili wembamba.
Sisi si wembamba tena.
Mimi nikatazama maji, yeye akatazama miti.
Bega likagusa bega. Tukapita.

Nikasema moyoni, yamekwisha.
Lakini ziwa ni duara, na duara halina uchochoro:
unayemkwepa huku
ndiye unayemwendea kule, kwa miguu yako mwenyewe,
na kiingilio umelipa.

Mara ya pili nilimsikia kabla sijamwona.
Alikuwa anahema.
Nikawaza: hema tu, ni hela zangu zilizokunenepesha.
Kisha nikaona haya.
Nusu haya.
Nusu nyingine nikaendelea nayo hadi kwenye mafunjo,
nikiikanyaga na kuikanyaga.

Mara ya tatu tulisimama wote wawili,
si kwa ajili yetu.
Mdiria alikuwa juu ya kisiki kilichozama nusu,
buluu ambayo sijui imetoka duka gani.
Akajitupa. Maji hayakupata muda wa kushtuka.
Akarudi na kisamaki, akakipiga kwenye kisiki,
paa, paa,
na kwa pigo la tatu kikamtoka mdomoni.

"Aa!" tukasema, sauti moja,
kama tulivyosema zamani kompyuta zilipozimika
na foleni imefika barabarani.

"Kimemponyoka," akasema.
"Atarudi," nikasema.

Akavua kofia. Mvi zimemwingia mpaka utosini.
"Saluni waliivunja, ulisikia? Walipanua barabara.
Viti vitatu nilivikuta mtaroni."
Sikuwa nimesikia. Nani angeniambia,
na mimi mwenyewe nilikuwa nimewakataza watu kumtaja?

Nilitafuta neno. Nikapata hili tu:
"Mbele hapo pana utelezi. Shika kulia."
Akashika kulia.

Deni lipo. Sikulitupa majini,
na yeye hakuniomba nilitupe.
Ila nikiwa langoni, navua viatu kutoa changarawe,
nikapiga hesabu kama za kazini:
tukienda upande mmoja, kwa mwendo mmoja,
hatukutani hata tuzunguke mwaka mzima.

Jumamosi ijayo nitaanzia tena kulia.
Yeye, nikimjua,
hawezi kubadili upande.