Ufunguo Huanza Chini

Ujumbe wa Nairobi ulinitangulia kazini:
mizani ya Lango la Tano, Kilindini,
haipigi kengele lori likizidisha tani.
"Tumeshaandika KUBWA, tena mara mbili.
Tafadhali, Swabra, tazama huko kwenu."

Nikaketi Shimanzi, feni ikinipepea ubavu mmoja,
chai ikipoa juu ya kitabu cha risiti,
nikauandika ufunguo na nukta zake,
kama mtu atajaye mtaa, kisha nyumba, kisha chumba:

mizani.kengele.sauti

Nikaanzia juu. Ndivyo nilivyolelewa,
mkubwa huamkiwa kwanza.
Faili la waliotengeneza mtambo likasema: kubwa.
Faili la kampuni likasema: kubwa.
La tawi la Mombasa, kubwa, na tarehe ya juzi.
Wakubwa watatu, neno moja.
Nikaijibu Nairobi: mipangilio haina kasoro,
huenda spika imeliwa na chumvi.

Fundi Mbwarali akaenda na bisibisi yake,
akarudi na spika kwapani.
Aliigusisha betri, ikalia hadi mhasibu akamwaga wino.
"Nzima hii," akasema. "Hamna aliyeiambia ilie."

Joto la saa saba, shati limenata kitini,
ndipo nikakumbuka:
mashine haikulelewa na mama yangu.
Yenyewe humuuliza kwanza aliye karibu.
Ufunguo huanza chini kabisa,
kwenye kijifaili cha mizani yenyewe;
jibu likiwapo, safari imekwisha papo hapo,
na wa juu, hata wakipiga kelele kwa herufi kubwa,
hakuna anayepanda kuwasikiza.
Lisipokuwapo, ndipo hupanda:
lango, tawi, kampuni,
mpaka kwa yule wa mwisho
mwenye jibu la kila kitu
kwa sababu hamjui mtu yeyote.

Basi nikashuka.
Faili la Lango la Tano: ufunguo haumo.
(Na kutokuwamo si sifuri, huwaambia vijana wa mafunzo,
wananiitikia, kisha wanaandika sifuri.
Kutokuwamo ni kusema: niulizie mbele.)
Faili la Mizani ya Pili, mistari mitatu tu.
Wa kati:

sauti: ndogo

na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
mahali ambapo mashine hupita bila kusoma:

# usiku Mejumaa huja na mtoto. hulala chini ya meza. Nyale

Nyale. Kiti hiki kilikuwa chake.
Aliondoka kabla sijaja, akaniachia
droo ya nyaya zisizojulikana za nini
na deni la mahamri pale kantini.
Tarehe ya mstari: miaka tisa.

Nikapiga simu langoni. Bado yupo, zamu ile ile.
"Mtoto?" Mejumaa akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Huyo yuko darasa la nne!
Sasa ni yeye asiyetulaza."
Kisha akanyamaza. Nyuma yake lori lilikohoa, likapanda mizani.
"Wallahi sikujua.
Nilidhani mtambo huu ni mpole tu, ndivyo ulivyoumbwa."

Sikuandika KUBWA.
Kuiandika pale ni kuweka komeo jingine
la kumsumbua atakayekalia kiti hiki baada yangu.
Niliufuta mstari, basi,
swali likapata njia ya kupanda,
na saa tisa na robo, lori la saruji la kwanza,
Mejumaa akanipigia, kengele ikilia sikioni mwake na mwangu:
"Imeamka!"

Maneno ya Nyale sikuyagusa.
Yamebaki peke yake nyuma ya alama yake,
hayana ufunguo chini yake,
hayabadilishi kitu.
Nairobi hawajauliza.
Kesho nitapita kantini, nilipe yale mahamri.