Daftari la Matunzo, Kibaigwa

Daftari ni la kwaya nne,
gamba limeshikizwa kwa plasta ya hospitali.
Mwaka wa fedha umekwisha, jipya halijaja,
kwa hiyo Julai nimeianzia nyuma ya kurasa za Machi,
na baba wa Machi na baba wa Julai
wanasomana kupitia karatasi.

Jumatatu ni siku ya kina baba.
Hawakai. Benchi lipo, nililililia kwa mtendaji wa kata,
lakini wao husimama mlangoni kama wanaongoja gari,
vumbi la mahindi ya sokoni lingali kwenye nyusi.
Huniita "dada" wakiwa na hela,
"afisa" wakiwa hawana.

Hezroni Chilewa: elfu thelathini, kalipa.
Yaredi: elfu kumi na tano, na maelezo marefu.
Ndahani wa Pandambili: hakuja. Wito wa tatu.
Nimepiga simu, kapokea mwanamke,
kasema namba hii siku hizi ni yake.

Mmoja aliwahi kuleta uwele.
Akautua juu ya meza, akasimama mbali nao.
Safu yangu inasema KIASI, SHILINGI.
Nikaandika: debe moja, limejaa pomoni.
Mkaguzi wa ndani akalizungushia duara jekundu,
akaniuliza bei ya soko ya siku hiyo.
Hakuuliza mama mtoto alilibebaje,
kichwani, bila kata, karibu anakimbia.

Jumatano ni ya kina mama. Hao hukaa.
Hukaa hata nikishawaambia hakuna kitu.
Loyi anauliza kwa nini serikali isimkate huyo bwana
kama inavyowakata walimu mikopo.
Namweleza: mbeba magunia hana mshahara, ana mgongo.
"Basi kateni mgongo," anasema,
na benchi zima linacheka,
halafu linaacha.

Jana, saa nane, upepo ukiingiza mchanga hadi ndani ya mihuri,
akaja mtoto peke yake.
Sare ya shule, kiatu kimoja kimefungwa kwa katani.
"Jina?"
"Meshaki Ndahani."
"Umetumwa hela?"
Akatikisa kichwa.
Amesikia baba yake aliwahi kuandika humu.
Anataka kuuona mwandiko.

Kuna kanuni ya usiri, nimeiapia.
Nikainuka nikafunga dirisha,
ambalo halina kioo,
nikafungua Novemba ya mwaka juzi.

Hakuna mwandiko.
Kuna dole gumba, wino wa zambarau,
limeteleza kidogo upande wa kushoto
kama la mtu mwenye haraka,
au aliyekuwa analia. Sikumbuki.
Siku ile nilihudumia ishirini na sita.
Katikati lina kovu, mstari mweupe
usiopokea wino.

Mtoto akalitazama kama anavyotazamwa mtu.
"Hajui kuandika?"
Nikasema wengi wa humu hawajui.
"Mimi najua."
Akaweka gumba lake juu ya lile. Halikufika nusu.
Hakubonyeza. Aliliweka tu, akaliondoa,
akalikagua kwenye mwanga wa mlango
kama kuna kilichobaki.

Nauli ya kurudi hakuomba, nami sikuwahi kumpa;
nilipogeuka na pochi alikuwa amekwisha vuka lami,
anapita katikati ya malori.

Ripoti ya robo mwaka inataka mashauri yaliyopokelewa,
yaliyosuluhishwa, yaliyokwenda mahakamani.
Nimekaa na kalamu. Huyu nimtie wapi?

Wito wa nne nimeuandika kwa mkono,
herufi kubwa kubwa,
kisha nikakumbuka ni wa mtu wa kusomewa.
Nimemwomba balozi wa nyumba kumi
asiusome harakaharaka.