Jicho la Kulia

Kazi yangu ilikuwa kutazama.
Nisikudanganye: sijafyatua risasi hata moja maishani.
Brno, ghorofa ya juu, dirisha la kaskazini,
kwani mwanga wa kaskazini hautikisiki,
na mbele ya kioo waya mmoja mweusi umekazwa,
umelala kama mstari wa daftari.
Nainua mtutu, nafumba jicho la kushoto,
kivuli cha waya kinaingia, kinajinyoosha ndani ya chuma.
Kikinyooka, mtutu umenyooka.
Kikijikunja kama unyusi, natia chaki,
namrudishia Drahomíra kwenye gurudumu lake.
Samaki hukunjwa angali mbichi;
chuma hunyooshwa kikiwa baridi,
kidogo kidogo, umebana pumzi.

Mitutu mia mbili kwa siku. Siku za haraka, mia tatu.
Ya bunduki za kawaida, na ya ile rashasha
ambayo magazini yake hukaa juu kama jogoo paani,
mtutu wake pete pete,
ukishika moto unachomolewa, unatiwa mwingine.
Mwisho wa meza Bwana Hromádka anagonga muhuri:
simba mdogo, mikia miwili.
Tok. Tok.
Hata usingizini.

Septemba ya thelathini na nane Zbyněk aliitwa.
Wakampeleka mpakani, kwenye kijumba cha zege
kisichozidi jiko letu, wanaume saba,
saruji bado inatoka jasho.
Akaniandikia: *Tuna rashasha mbili. Moja nadhani ni yako.
Nimeichungulia alfajiri,
imenyooka hata nimeona haya.*
Wakakaa, wakila mkate na mafuta ya nguruwe,
macho kwenye tundu la kulengea.
Adui hakuja. Ilikuja karatasi,
kutoka meza ambayo hatukuwekewa kiti.
Fungeni mlango, shukeni.
Zbyněk alirudi na ufunguo mfukoni.
Hakuna aliyemwuliza.

Machi, theluji ya majimaji, pikipiki zikaingia mjini.
Nasi tukarudi kazini.
Dirisha lilelile, waya uleule.
Simba alifungwa ndani ya sanduku, akaletwa tai.
Tok.

Hapa ndipo watu huacha kunywa chai yao, wakanitazama.
Ndiyo. Niliendelea.
Uliopinda kwa unene wa unywele, niliupitisha.
Mingapi? Kumi na mmoja. Nimeihesabu.
Kumi na mmoja kwa miaka sita:
huo si ushujaa, ni kope iliyocheza.
Na ile maelfu iliyonyooka, niliyoinyoosha mimi na mwenzangu,
ilikwenda kumtazama nani?
Drahomíra walimchukua Juni ya arobaini na mbili, saa ya chakula.
Supu yake ilipoa pale pale benchini
na hakuna aliyethubutu kuiondoa hadi jioni.

Vita vikaisha. Simba akatolewa sandukuni,
ana kutu sikioni.
Makreti yakaendelea kupakiwa,
kwenda nchi ambazo ulimi wangu unazikwaa.
Nikastaafu, nikapewa saa ya mezani inayochelewa.
Zbyněk amekufa. Ufunguo nimeutundika karibu na jiko;
kijumba chenyewe siku hizi kinahifadhi viazi vya ushirika,
na wanasema haviozi,
ukuta ule ni mzuri mno.

Jana mjukuu wangu Radim aliokota kijiti uani,
akakitoa kiini kwa msumari, akakilainisha kwa mate.
"Bibi, chungulia."
Nilifumba la kushoto. Mkono ulijinyanyua wenyewe
kuelekea dirishani, kutafuta waya.
Mle ndani mwanga ulikwenda kombo,
kama mtu aliyeiona nyumba ya mdai wake
akachepuka.
"Kibovu?"
Nikatafuta chaki mfukoni mwa aproni, sikuwa nayo.
"Kimepinda," nikamwambia. "Kiache hivyo hivyo."