Koleo

Miaka kumi na mmoja Yasna aling'oa miiba
ya samaki wasio wake, kule Puerto Montt,
kwa koleo ndogo, vidole vimekufa ganzi,
mshahara ukibisha hodi mwisho wa mwezi
na kuaga kabla ya kuketi.

Msimamizi alimwita "mkono wa dhahabu".
Dhahabu hiyo haikununua hata kuni za Julai.

Alipoomba nyongeza akapewa kofia,
mpya, yenye nembo ya kiwanda.
Aliivaa siku moja.
Ya pili aliiacha juu ya mkanda,
ikasafiri pamoja na minofu
hadi kwenye barafu.

Akaingia darasani na vijana wanaomwita shangazi
kujifunza umeme:
waya upi uko hai, upi umelala.
Mtihani wa kwanza alifeli. Hesabu.
Wa pili alipata hamsini na moja,
karatasi akaibandika kwenye mlango wa friji.

Leo yuko juu ya nguzo, mvua inamchapa,
posho ya mwanagenzi nyembamba kama uzi.
Mkononi koleo, kubwa kidogo.
Anakata. Anakaza.
Chini, taa zinawaka nyumba ya tatu,
na mtu asiyemjua
anapiga makofi dirishani.