Tangi la Mama Nyemo

Unene wake vidole viwili tu.
Chilongani aligonga kwa spana ya baiskeli:
"Hili ni yai, Mama Nyemo.
Ngoja mbuzi aliegemee."

Hakuona tulivyosuka.
Nondo nyembamba, wavu wa kuku tabaka nne,
kila kifundo nimekikaza kwa koleo
hadi ukucha wa gumba ukang'oka.
Mchanga wa korongo la Mvumi tukauchekecha kama unga;
maji kidogo, kidogo mno, fundi akigomba:
saruji rojo haimfikii mjukuu.
Wiki tatu nililifunika magunia mabichi,
nikalinywesha kuliko mbuzi wenyewe.

Usiku ule ardhi ilipotikisika
ukuta wa ghala, matofali mazima mazima,
ulifunguka kama mdomo.
Tangi langu likavuma. Likanyamaza.
Asubuhi nikaona ufa,
mwembamba kama unywele, unavuja jasho.
Siku ya nne ulikuwa mkavu:
chokaa yake mwenyewe imemshona.

Sasa ni Septemba,
upepo umetujaza Ugogo wote machoni.
Chilongani amekuja na ndoo mbili,
spana ile ile mfukoni.

Hagongi.